Mate ya Paddy

Kwa heshima na taadhima, naomba kwanza niyatambulishe meno yangu.

Ya mbele juu ni manne, na kila moja lina michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa cheupe ikaachwa ikauke. Mawili ya katikati yana vishimo vidogo ambavyo ulimi wangu huvitembelea kila ninapoogopa. Katika shule yetu ya bweni kule Tororo niliitwa Kutu. Cheo hicho nilipewa siku ya tatu ya kidato cha kwanza na rafiki yangu Paddy, Msamia kutoka Lunyo, ambaye meno yake hayajawahi kumkosea mtu. Sikulalamika. Kila mwaka wavulana wapya walipofika niliwatoza biskuti moja moja wapate kuyatazama kwa karibu, nikawaambia kwa uso wa msiba kwamba ugonjwa huu huanza kwa kusinzia darasani.

Dada yangu Fauziya, aliyenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na nusu, ana meno meupe kama maziwa ya unga. Hapo ndipo mambo yanapoacha kuchekesha.

Sisi wawili tulilelewa na nyanya, mama yake mama, kule Petta, mpaka mimi nikatimiza miaka saba. Wazazi wetu walikuwa wakisafirisha vitunguu kati ya Busia na Tororo, na nyumba yao ya Busia wakati huo ilikuwa chumba kimoja kilichojaa magunia. Kwa nyanya tulikunywa maji ya kisima kimoja cha pampu, yaliyobebwa kwa jerikeni moja, yakamiminwa kwenye mtungi mmoja, tukayachota kwa kikombe kimoja cha bati. Watu wa pale walijua kwamba maji yale huharibu meno ya watoto. Lakini yaliharibu yangu, yakamwacha Fauziya.

Aliyelitolea jambo hilo hukumu ni Shangazi Hanifah. Yeye na baba yangu ni baba mmoja, mama tofauti. Alikulia Kisumu, akaja Busia akiwa mtu mzima, mjane, mwenye duka la vitenge na ulimi usiopumzika hata siku ya Idi. Kila nilipotabasamu mbele yake alinitazama mimi, akamtazama Fauziya, kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu mishono, "Maji ni yaleyale. Basi damu ndiyo tofauti."

Baba huwa anainama kufunga kamba ya kiatu. Mama huwa anaingia jikoni. Na Shangazi, alipotaka kumchoma Mama zaidi, alimwita Loy, jina lake la kabla hajasilimu na kuwa Nasifa. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimsikia akimwuliza Mama, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama yule Owori fundi wa pampu bado anapita pale kwa nyanya.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumtafuta Owori. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kisima, anakaza nati. Nikamsalimia. Akanyanyua uso, akatabasamu, na nikahisi kama mtu amenisogezea kioo.

Mimi nimefanyia mzaha mambo mengi. Nimeongoza mazishi ya paka wa naibu mkuu wa shule, kwa nyimbo na maombi, paka ambaye kwa bahati mbaya alikuwa bado hai. Lakini tabasamu la Owori sikumsimulia mtu, hata Paddy. Nilikuwa najua kilichokuwa kikining'inia juu yake. Siku Baba angeamini maneno ya dada yake, Mama angerudishwa Petta, na mimi ningekuwa sababu niliyokaa mezani nikitafuna.

Kwenye siku ya wazazi ya muhula wa pili, nikiwa kidato cha tatu, walikuja wageni wakasimamisha hema kando ya uwanja wa mpira wa wavu. Mkuu wao alikuwa Daktari Mugeni, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoshikwa na plasta. Asubuhi alisimama mbele ya mstari akatueleza kwamba watoto wengi hunywa maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi, wengine meno yao yakaharibika na wengine yakasalimika, hata ndugu wa nyumba moja. Yeye na wenzake walitaka kujua kama sababu iko kwenye jeni, yale maagizo madogo ambayo mtoto huyapata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Walihitaji mate ya mtoto, ya mama na ya baba. Sharti lilikuwa moja tu. Anayetoa mate asiwe amekula wala kunywa chochote kwa nusu saa.

Ni mtu ambaye hajawahi kulala bweni tu angeweza kuweka sharti kama hilo siku ya wazazi. Muhula mzima tunakula posho, ule ugali wa shule, na maharagwe yenye wadudu waaminifu, wadudu ambao hawajawahi kukosa mlo hata mmoja. Siku ya wazazi ndiyo siku ambayo mwanafunzi hula kwa niaba ya siku zote zilizopita na zote zinazokuja. Fauziya alipofika getini na kapu, nililipokea kwa adabu, nikapita nalo nyuma ya bweni, na kabla hajageuka nilikuwa nimemaliza paja la kuku na chapati mbili.

Jina langu likaitwa papo hapo.

Mlangoni mwa hema alisimama Bwana Olupot, naibu mkuu wa shule, mwenye yule paka. Barua yangu ya onyo la mwisho ilikuwa na saini yake. Alitangaza kwamba mwanafunzi atakayeharibu kazi ya wageni atakwenda nyumbani na godoro lake. Kila mtu aliyesoma bweni anajua maana yake. Anayerudi nyumbani na sanduku anakwenda likizo. Anayerudi na godoro harudi tena.

Muuguzi alinipa kichupa chenye namba, akanielekeza nyuma ya pazia la kanga nikateme kwa faragha. Nilisimama pale na ladha ya bizari mdomoni. Upande wa pili wa turubai nilisikia mtu anapanga viti huku akipiga mluzi. Alikuwa Paddy. Wazazi wake hawakuwa wamekuja, na tumboni alikuwa hana kitu. Nilikipitisha kichupa chini ya turubai na kumweleza shida yangu kwa maneno machache. Kikarudi kimejaa mpaka kwenye alama.

"Hayo ni mate safi ya Kisamia," alininong'oneza. "Yatakuponya, Kutu."

Nilicheka mpaka nikalazimika kuuma kola ya shati. Kisha nilitoka nimeinamisha kichwa kama mtu aliyetoka kuungama, nikamkabidhi muuguzi kichupa kwa mikono miwili.

Familia yangu ilikuwa imetandika mkeka kwenye kivuli cha maabara. Baba na Mama walikuwa wameshatoa mate yao. Baba yangu, Umar, ni mtu mkimya. Akifurahi hutabasamu na midomo imefungwa. Nyama huikata kwa kisu vipande vidogo vidogo, na miwa au mahindi ya kuchoma hayagusi, anasema tumbo lake halivipendi. Siku ile alikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Shangazi alipouliza mate yale ni ya nini, alimweleza kwamba amemwuliza yule muuguzi kama mate yanaweza kujua mtoto ni wa nani. Muuguzi, ambaye alikuwa akibandika namba na watu wamemzunguka, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba yanajua kila kitu, Mzee.

"Kwa hiyo majibu yakija, Hanifah," Baba alisema, "maneno haya yataisha."

Shangazi aliokota punje ya pilau kwenye mkeka. "Yataisha, kaka, au yataanza."

Mama aliweka kijiko chini. Hakuna aliyenitazama, na nilimshukuru Mungu, kwa sababu sijui uso wangu ulikuwaje. Kile kichupa chenye namba yangu, ambacho Baba alikuwa amekikabidhi ndoa yake, kilikuwa na mate ya mtoto wa Lunyo.

Nilisema nakwenda chooni. Nilikimbia mpaka uwanjani. Hema lilikuwa limeshashushwa, sanduku la buluu lenye barafu limeshapakiwa, na Daktari Mugeni alikuwa mlangoni mwa gari anaagana na Bwana Olupot. Nilisimama hatua kumi kutoka kwao. Nilikuwa na maneno matano tu ya kusema. Yale si mate yangu, Daktari. Bwana Olupot aligeuka akaniona, akainua nyusi kuuliza ninataka nini. Ulimi wangu ulikuwa umekwenda kwenye vile vishimo ukakwama huko. Niliwaza godoro. Nikasema nimekuja kuwatakia wageni safari njema.

Gari likatoka getini.

Wiki zilizofuata sikumfanyia mtu mzaha hata mmoja, na matroni akanipeleka kupimwa malaria. Nilipomweleza Paddy kila kitu, pamoja na habari ya Owori, aliinama kutoka kitanda chake cha juu akauliza kama mate yanaweza kurudishwa. Tangu siku hiyo hakuniita Kutu tena. Aliniita Nurudin, jina langu kamili, kama watu wanavyomwita mgonjwa. Tuliandika barua kwa daktari mara tatu na mara tatu tukaichana. Kila barua ilihitaji jina chini yake.

Likizo ilifika, nikarudi Busia. Nyumba yetu siku hizi ni kubwa, iko nyuma ya soko, na kutwa nzima honi za malori yanayongoja kuvuka mpaka huingia mpaka chumbani. Simu ililia siku ya nne, tukinywa chai. Baba alisikiliza, akasema ndiyo mara nyingi, akaikata. Alieleza kwamba daktari anatuhitaji kesho Tororo, baba, mama na mtoto. Kuna jambo kuhusu kichupa cha mtoto ambalo hapendi kulisema kwa simu.

Shangazi, aliyekuwa amekuja kuazima mwiko, aliuweka mwiko mezani na kukaa.

Mchana wa siku hiyo nilikwenda chumbani kwa wazazi kutafuta chaja. Nyuma ya mlango kulikuwa na begi la kaki lililofungwa. Nililigusa kwa mguu. Lilikuwa zito. Nikavuta zipu kidogo, nikaona lile gomesi la zambarau ambalo Mama alivaa siku ya kutambulishwa kwao, nikaona na picha yetu mimi na Fauziya tumekaa kando ya mtungi wa nyanya. Nikafunga zipu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo.

Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili. Nilikuwa na maneno yaleyale matano. Alinitazama, akanifuta kitu shavuni ambacho hakikuwepo, akaniambia nikaoge, kesho tunaondoka mapema.

Tulikwenda na Canter ya Baba, watatu mbele, mimi katikati, begi kwenye mapaja ya Mama. Baba alikuwa ameamka kabla yetu na kuwasha injini. Hakuuliza begi ni la nini. Nadhani alidhani ni vitu vya nyanya. Sikuwa nimekula tangu ile chai ya jana. Kila gari lilipotupa matuta, Mama alilikumbatia begi kama mtoto. Jabali la Tororo lilipotokea mbele yetu nilitamani liwe mbali zaidi, na kila nilipolitazama lilikuwa karibu zaidi.

Ofisi ya Daktari Mugeni ilikuwa chumba kidogo chenye friji inayonguruma na picha ya jino kubwa lililokatwa katikati. Faili letu lilikuwa juu ya meza. Alitusalimia, akatukaribisha kwenye viti, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema angependa kuanza na kijana peke yake, wazazi wangoje nje kidogo.

"Hapana," Baba alisema. "Liseme hapa hapa, Daktari. Sote tunalingoja."

Daktari alimtazama Mama. Mama alikuwa amesimama, hakuwa amekaa hata mara moja, kamba ya begi imezunguka kiganja chake mara mbili. Daktari aliweka mkono juu ya faili. Friji ilizima yenyewe. Ukimya uliobaki ulikuwa mkubwa kuliko chumba, na nikaona kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kuuvunja.

"Yale si mate yangu, Daktari," nilisema. "Ni ya Paddy."

Baba aligeuka. "Paddy ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini sana, na Mama akafumba macho.

Nilichelewa kidogo kuelewa ni mtu wa namna gani aliyeingia kichwani mwake. "Ni mwanafunzi mwenzangu, Baba. Wa Lunyo. Nilikuwa nimekula kuku."

Nilieleza yote, paja, chapati, turubai, godoro, na jinsi nilivyowatakia wageni safari njema. Nilipofika mwisho nilikuwa nalia, jambo ambalo naomba lisifike bwenini. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua faili, na akasema kwamba hilo ndilo alilotaka kuniuliza.

"Mate haya hayana undugu na baba huyu," alisema. "Hayana undugu na mama huyu pia. Na sidhani kama kuna anayebisha kwamba huyu alikuzaa."

"Siku nzima," Mama alisema. "Mvua ilinyesha siku nzima."

Daktari alieleza kwamba wao hukagua tu vichupa visichanganyike, na wakiona kasoro huomba mate mapya bila kumtangazia mtu. Muuguzi alikosea kumjibu Baba vile. Utafiti wao hautafuti baba wa mtu. Unatafuta kwa nini mwili mmoja huitoa floraidi kwenye mkojo na kuisahau, na mwingine huihifadhi kwenye mifupa na kwenye meno yanayojengwa bado yakiwa ndani ya ufizi, kabla hayajaota, na kuliharibu lile gamba gumu la nje. Ndugu wawili wanaweza kunywa kikombe kimoja na mmoja tu akarithi udhaifu huo. Kazi bado haijakwisha, alisema, na wanayoyajua ni machache kuliko wasiyoyajua. Kuhusu shule, sitawaandikia mimi, akaniambia, utawaandikia wewe. Akanipa kichupa kipya.

Nilikishika mbele ya mdomo. Hapakutoka kitu. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama unga. Na pale, nikiwa na kichupa tupu mkononi, nilitambua kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimeogopa kikweli. Mate ya Paddy yalikuwa na udhuru. Haya yangekuwa yangu. Nilimwona Owori amepiga magoti kando ya pampu, ananitabasamia.

Mama aliona. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alimgeukia daktari na kuzungumza kwa utulivu.

"Yeye akitema, hilo la baba ulitazame. Kisha uliseme mbele ya huyu."

Daktari alijibu kwamba hiyo si kazi yake, na hata kama angeliona hangelisema. Kwa jambo hilo kuna mahali pengine, na taratibu zake.

"Basi nitakwenda huko pengine. Begi nimeshafunga."

Baba alilitazama begi kana kwamba limeingia sasa hivi. "Begi la nini, Mama Fauziya?"

"La Petta. Karatasi ikikosea, nani angenisikiliza? Sikutaka kufukuzwa bila nguo."

Baba alihakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa. Kisha aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta, na mdomo wake wa juu ukaporomoka kama hema lililong'olewa nguzo. Kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha plastiki cha waridi chenye meno manne meupe, yamelowa.

Nimeishi na mtu huyu miaka yangu yote. Nimemwekea chumvi kwenye chai, nimemzibia mifuko ya kanzu kwa uzi siku ya Ijumaa. Sikuwahi kujua.

"Hayo meno ni yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea, upepo ukipita mahali palipokuwa na ukuta. "Huyu ameyatoa kwangu."

Alieleza akiwa ameinama, akiongea na kiganja chake. Mama yake alikuwa akiuza samaki sokoni Petta, na yeye aliishi pale mpaka miaka tisa, akinywa maji ya kisima kilekile. Yeye na Owori walikuwa wakichota pamoja. Meno yalipoota yaliota na kutu, na watoto wa Tororo walimcheka mpaka akajifunza kuongea amefunga midomo. Akiwa na miaka ishirini na miwili alikwenda Kisumu akayang'oa manne ya mbele, akawekewa haya, kisha ndipo akaenda kuposa. Hanifah, ambaye hawakulelewa pamoja, alipofika Busia aliyakuta hayahaya. Alitumaini karatasi ya daktari ingesema kwamba ni jeni za baba, watu wakanyamaza, na yeye asilazimike kufungua mdomo.

Daktari alichukua kurunzi ndogo, akamwomba apanue. Alitazama magego ya Baba, akanijia mimi akatazama yangu, akarudi kwake. Alisema hawezi kuapa kwa kurunzi peke yake, lakini michirizi ni ileile na vishimo ni vilevile. "Maji yalifanya kazi yake," alisema. "Ila mlango yalioingilia, kijana huenda aliupata kwako, Mzee. Dada yake hakuupata."

Nilidhani Mama atalia, au atacheka. Alikuwa anamtazama Baba kama mtu anayesoma kibao cha njia aliyokwisha kuipita.

"Miaka yote hii," alisema. "Ulikaa na jibu mdomoni."

Baba aliinamisha kichwa. Aliyageuzageuza yale meno kiganjani, plastiki ikigonga pete yake. Nikahisi mdomo wangu unalowa. Hofu ilikuwa imehamia kwa mtu mwingine. Nilikijaza kichupa mpaka kwenye alama, nikakikabidhi, na safari hii sikuinamisha kichwa.

Tulishika njia ya kurudi. Begi lilikuwa mapajani mwa Mama kama asubuhi. Tulipokaribia Busia alimwambia Baba asimame pale wanawake wanapochoma mahindi kando ya barabara. Alinunua mahindi matano, akayachagua mwenyewe, yale yaliyokomaa na kuungua.

Shangazi Hanifah alikuwa barazani na chupa ya chai, amevaa kama mtu anayengoja msiba. Fauziya alikuwa kando yake, macho yamevimba. Mama aliweka begi kizingitini, si ndani, si nje. Alileta sinia, akapanga mahindi, akatugawia kila mmoja, na la mwisho akamwekea Baba.

"Kula, Baba Fauziya."

Shangazi alianza kusema kwamba kaka yake hali mahindi, tumbo lake. Mama hakumtazama. Alikuwa amekaa na mikono magotini, anangoja, na mimi nilijua, na Baba alijua, kwamba hindi lile ndilo litakaloamua kama begi linaingia au linaondoka.

Baba aliingiza vidole mdomoni. Alitoa yale meno, akayaweka kwenye kisahani kando ya chupa ya chai, yakawa yanatutazama sote. Akamgeukia dada yake, akapanua mdomo kwenye mwanga wa mchana mpaka magego ya kahawia yakaonekana yote.

"Tazama vizuri, Hanifah," alisema. "Damu ni hii."

Shangazi aliweka kiganja kwenye mdomo wake mwenyewe.  Baba alichukua hindi, akaligeuza upande, akaanza kulitafuna kwa magego, polepole, punje zikianguka kwenye kanzu. Na mimi niliuma langu. Fauziya akauma lake. Mlio wa kutafuna ulikuwa mkubwa mno.

Mama alisubiri mpaka gunzi la Baba likawa tupu. Ndipo akaongea, bila kugeuka.

"Nuru, ingiza hilo begi ndani. Lakini usilifungue."

Bwana Olupot aliisoma barua yangu akanipa wiki tatu za kusafisha vyoo, godoro likabaki. Shangazi huja nyumbani mara chache, na akija humwita Mama kwa jina lake, Nasifa. Baba sasa hucheka mdomo ukiwa wazi, wakati mwingine hata bila sababu, huku akimtazama Mama kuona kama amecheka naye. Begi bado liko nyuma ya mlango, zipu imefungwa. Kila nikirudi likizo, kabla sijasalimia mtu, hupita kwanza chumbani kuhakikisha kwamba lipo.